Nimekataa kusaini muhtasari wa mkutano ambao haukufanyika. Je, kazi ya mjumbe wa halmashauri ya kijiji ni ipi?

Swali hili limetoka kwa dada mmoja wa wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, aliyeingia kwenye halmashauri ya kijiji chake katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024. Kwa ufupi anaandika hivi:

"Mimi ni mjumbe wa viti maalumu. Kila kikao tunafika, mtendaji anasoma taarifa, mwenyekiti anauliza kama tunaafiki, tunaafiki, tunasaini mahudhurio, tunaondoka. Mwezi uliopita mgambo aliniletea karatasi nyumbani nisaini. Ilikuwa orodha ya waliohudhuria mkutano mkuu wa kijiji uliompa mwekezaji ekari 120 za bondeni. Mkutano huo haukufanyika. Nimekataa, na sasa naambiwa napinga maendeleo. Naomba kujua, je, nimekosea? Na kazi yangu hasa ni ipi?"

Dada yangu, hukukosea. Nalitanguliza hilo ili haya mengine uyasome ukiwa umetulia. Karatasi ile ilikuwa inakuomba ushuhudie jambo ambalo hukuliona. Siku shauri likifika mbele ya baraza, atakayeulizwa ni mwenye sahihi, na wewe ungesema nini?

Nimekuwa mtendaji wa kijiji miaka 11, katika vijiji vitatu, kisha nikaingia kwenye kufundisha halmashauri za vijiji kazi zake. Swali lako la pili nimeulizwa na wajumbe wengi, na wengine walikuwa wameshakaa kwenye kiti mwaka mzima. Siwalaumu. Mtu anaapishwa, anapigiwa makofi, anarudi shambani kwake, na hakuna anayemwekea sheria mkononi akamwambia soma hapa. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Tuanze na mnavyokaa. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25: mwenyekiti wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji vyote, na wajumbe wengine waliochaguliwa, wanawake wa viti maalumu wakiwemo. Kura yako ina uzito ule ule wa kura ya mwenyekiti wa kitongoji. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya. Ndiye katibu wenu: anaandika, anatunza nyaraka, anatekeleza mliyoamua. Anashauri, na ushauri wake usikilizwe, maana mara nyingi ndiye anayezijua taratibu, lakini uamuzi si wake. Kijiji ambacho mtendaji ndiye anayeamua na wajumbe wanaitikia, kimegeuka ofisi ya mtu mmoja.

Juu yenu wote, mwenyekiti na mtendaji wakiwemo, upo Mkutano Mkuu wa Kijiji. Huo ni kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 imeupa mkutano huo mamlaka ya juu kabisa katika sera za mambo ya kijiji. Ninyi halmashauri mnakutana kila mwezi. Mkutano mkuu hukaa angalau kila baada ya miezi mitatu. Mama anayeuza maandazi pale stendi, ambaye hajawahi kukanyaga ofisini kwenu, siku ya mkutano mkuu ana sauti juu ya halmashauri nzima. Mjumbe akilielewa hilo vizuri, nusu ya kazi yake ameshaijua.

Kuna jambo moja la kisheria ambalo wajumbe wengi hawaambiwi. Kijiji kikishasajiliwa, halmashauri yake inakuwa mtu mbele ya sheria: inamiliki mali, inaingia mikataba, inashtaki na inashtakiwa. Hali hiyo vijiji vilianza kuipata kwa sheria ya vijiji ya mwaka 1975, na ile ya 1982 ikaiendeleza. Sasa mtu huyu wa kisheria hana mdomo wala kumbukumbu. Mdomo wake ni kikao, na kumbukumbu yake ni daftari la mihtasari. Lililomo humo ndilo kijiji kilisema. Lisilomo, hata kama watu 300 walilisikia kwa masikio yao, miaka kumi mbele ni maneno matupu.

Hili nalijua kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili kazini, mkutano mkuu wa kijiji nilichokuwa ulitenga eneo la malisho. Watu walibishana tangu saa nne mpaka jua likapinda. Wazee wa kitongoji cha mtoni wakasimama, wakataja mpaka alama kwa alama: unaanzia kwenye mkuyu mkubwa wa kivukoni, unafuata korongo mpaka kichuguu chekundu, kisha unakata kwenda kukutana na njia ya zamani ya mkonge. Wafugaji wakakubali, wakulima wakakubali, watu wakapeana mikono. Mimi nilikuwa nimechoka na kalamu ilikuwa inakauka. Nikaandika: "Mkutano uliridhia eneo la bondeni litengwe kwa malisho." Mstari mmoja. Nikagonga muhuri.

Miaka saba baadaye nikaitwa, nikiwa nimeshahamia kijiji kingine. Ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mpunga, vijana wamekatana mapanga, mmoja amepoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Baraza la ardhi likafungua daftari na kuukuta mstari wangu. Bondeni wapi? Kuanzia wapi mpaka wapi? Kati ya wale wazee, wawili walikuwa wameshafariki, na mkuyu ulikuwa umeshakatwa. Nilikaa pale, mwandiko wangu uko mbele yangu, na sikuwa na cha kuwaambia. Yule kijana yupo mpaka leo. Jembe analishika kwa mkono wa kushoto.

Ndiyo maana nakwambia, kazi ya kwanza ya mjumbe ni kulinda daftari. Mengine yote, maji, barabara, darasa, mifugo, yanapitia humo.

Sasa twende kwenye kikao chenyewe, maana hapo ndipo mjumbe anapofanya kazi au anapoipoteza. Kikao kikifunguliwa, hesabuni akidi. Ni nusu ya wajumbe wote. Kama mko 24 na mmefika 10, hamna kikao, mna mazungumzo. Msikubali kuanza kwa ahadi kwamba wengine wako njiani halafu sahihi zao zikatafutwa jioni majumbani. Karatasi uliyoletewa wewe ilizaliwa na tabia hiyo hiyo: kwanza inazoeleka kwenye kikao kidogo cha mwezi, watu wanaona si neno, mwishowe inafika kwenye ekari 120.

Baada ya kufungua, muhtasari wa kikao kilichopita unasomwa ili uthibitishwe. Vijiji vingi hapa mtendaji husoma mbiombio, watu wakichezea simu, kisha mwenyekiti anauliza kama upo sahihi, wote wanaitikia ndiyo. Hicho ndicho kipengele kizito kuliko vyote vya siku hiyo. Ndipo penye nafasi ya kusema, "Mheshimiwa mwenyekiti, ukurasa wa pili umeandika tuliafiki ununuzi wa mabati, lakini kumbukumbu yangu ni kwamba tuliomba kwanza bei za maduka matatu." Likirekebishwa hapo, limerekebishwa. Mkishathibitisha na mwenyekiti na katibu wakaweka sahihi, kulibadilisha ni kazi nyingine. Kwa hiyo nunua daftari lako mwenyewe, dogo tu. Kila kikao andika tarehe, mliokuwepo, na yaliyoamuliwa, kwa maneno yako. Mwezi unaofuata, mtendaji akisoma, wewe fuatisha kwa kidole kwenye lako.

Muhtasari wenyewe uwe wa namna gani? Useme mkutano ulikuwa wapi, tarehe gani, ulianza saa ngapi ukaisha saa ngapi, na nani waliokuwepo, kwa majina na sahihi zilizowekwa pale pale. Kwenye kila uamuzi useme nani alitoa hoja, waliokubali wangapi, waliokataa wangapi. Wasioandikwa waliokataa ni kama hawakuwepo, na mimi naona kuwafuta watu hao ni dhuluma hata kama walikuwa wawili. Kama ni ardhi, mipaka iandikwe kama wale wazee walivyoitaja, na siku hizi simu nyingi zinaweza kuchukua alama za GPS, basi ziandikwe pia. Kama ni fedha, iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Na kila agizo liwe na mtu wa kulitekeleza na tarehe yake. "Kamati ifuatilie" si agizo.

Hapo ndipo yanapoingia yatokanayo. Kikao kilichopita mliagiza bomba la kitongoji cha juu litengenezwe. Limetengenezwa? Kama bado, kwa nini, na lini? Nimeona yatokanayo yakipitwa kwa dakika mbili na mengineyo yakichukua saa mbili. Uangalie sana huo mwisho, mengineyo. Ni mahali pa matangazo, pa pole kwa waliofiwa, pa kukumbushana siku ya chanjo. Lakini mtu mwenye jambo lisilopenda mwanga hulipenyeza humo, saa wajumbe wanapotazama njia na njaa inauma. Ardhi isijadiliwe kwenye mengineyo. Mkataba usijadiliwe kwenye mengineyo. Ukiliona limeingia, simama useme kwa upole lipangiwe ajenda yake kikao kijacho, na uombe ombi lako liandikwe.

Kuhusu fedha sitakuchosha, ila ujue kusoma mapato na matumizi. Kijiji kinaweza kuwa na kodi ya vibanda vya soko, kodi ya kiwanja cha mnara wa simu, mapato ya msitu, michango ya wananchi. Kila pesa iliyoingia ina stakabadhi ya mashine au namba ya malipo. Kila pesa iliyotoka ina hati ya malipo na risiti ya muuzaji. Taarifa ikisema salio ni shilingi 1,340,000, omba kuona taarifa ya benki ya tarehe hiyo. Huo si utovu wa adabu, na mtendaji mwaminifu hufurahi kuulizwa, kwa sababu ukaguzi ukija mtakuwa mashahidi wake. Kila miezi mitatu taarifa hiyo isomwe kwenye mkutano mkuu na ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, mahali ambapo mvua haifiki na mtoto wa darasa la saba anaweza kumsomea bibi yake.

Kazi yenu ya kati ya vikao inafanyika kwenye kamati. Ziko tatu za kudumu: fedha, uchumi na mipango, huduma za jamii na kujitegemea, ulinzi na usalama. Vijiji vyenye msitu huwa na ya maliasili pia. Ukiulizwa unataka ipi, wengi watakusukuma kwenye huduma za jamii kwa kuwa ni mwanamke. Ni kamati nzuri, lakini ya fedha ndiyo inayopanga, na wanawake wachache humo ni hasara ya kijiji. Ombi lako liwe wazi.

Acha nikuonyeshe kamati inavyofanya kazi kwa mfano wa boma. Boma ni lile jengo ambalo wananchi wanaanzisha kwa nguvu zao, darasa au nyumba ya mwalimu, mpaka kwenye linta, halafu serikali inaombwa kupaua na kumalizia. Umeyaona maboma yaliyosimama miaka mitano, yameota nyasi ndani, mbuzi wanalala humo. Mara nyingi wananchi hawakuwa wavivu. Walileta mawe, mchanga na maji, akina mama wakabeba ndoo kichwani tangu alfajiri. Ila kamati haikuandika nani alileta nini, vitongoji viwili vikaona vinabeba mzigo wa vitongoji vitano, vikaacha. Kijiji kimoja nilichofundisha walitengeneza ubao wa bati pale pale kwenye msingi, wakachora vitongoji vyote kwa safu, na kila tripu ya mchanga au siku ya kazi ikawa inawekewa alama ya rangi mbele ya macho ya watu. Kitongoji kilichokuwa nyuma kiliona chenyewe. Mwenyekiti wake alikuja jioni na watu wake, bila kutumiwa mgambo, wakapiga matofali mpaka giza likaingia. Boma lile lilifika linta kabla ya mvua za vuli.

Na michango ya fedha je? Tangu Januari 2016 shule za serikali mpaka kidato cha nne ni bila ada, lakini wazazi bado wanaweza kukubaliana, tuseme, chakula cha mchana shuleni. Neno ni kukubaliana. Kiasi kinapitishwa mkutanoni, kinaandikwa, kila mtoaji anapewa stakabadhi, na mzee asiyejiweza anatajwa mapema kuwa amesamehewa ili asije akaaibishwa mlangoni kwake. Mtoto asifukuzwe darasani kwa mchango. Kijiji kikitaka tozo au katazo lenye adhabu, kwa mfano kuzuia mifugo kuzurura, kinatunga sheria ndogo: halmashauri inapendekeza, mkutano mkuu unajadili, halmashauri ya wilaya inapitisha. Kabla ya hapo, faini mnayomtoza mtu haina miguu. Wala halmashauri ya kijiji si mahakama. Kamati ya ulinzi haimfungii mtu stoo kwa sababu kuku amepotea.

Halafu kuna kazi ambayo haimo kwenye ajenda yoyote nayo ndiyo kubwa kuliko inavyodhaniwa: barua ya utambulisho. Mtu akitaka kufungua akaunti, kumdhamini ndugu yake mahakamani, kufuatilia kitambulisho cha taifa, huanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji na kuishia kwenye muhuri wa mtendaji. Wewe unakaa kitongojini, unajua nani anarudishwa rudishwa na kuambiwa njoo kesho, na nani anaombwa hela ya karatasi isiyo na stakabadhi. Yalete hayo kikaoni. Kwa mjane aliyetembea kilomita saba, mlango wa ofisi yenu ndio serikali anayoijua.

Sasa ardhi, maana ndiko ulikonipeleka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji, lakini kama mdhamini, mtu anayetunza mali ya wenzake. Na imeandika wazi kwamba halmashauri haitagawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, idhini inayotangulia. Utasikia ikisemwa vijijini kwamba chini ya ekari 50 halmashauri inaweza kugawa yenyewe. Usikubali. Ekari iwe moja au 50 au 120, mkutano mkuu unatangulia. Sheria hiyo hiyo inataka kila mkutano mkuu wa kawaida upewe taarifa ya usimamizi wa ardhi ya kijiji. Jiulize kwenu mara ya mwisho ilisomwa lini.

Kuhusu mwekezaji, swali la kwanza ni yeye ni nani. Asiye raia hapati ardhi ya kijiji moja kwa moja. Ardhi hiyo inatakiwa kwanza ihaulishwe, yaani ihamishwe, kutoka ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla, ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, na huo ni mchakato wenye tangazo kwenye Gazeti la Serikali linalotaja eneo, ukubwa na madhumuni, na wananchi wanapewa nafasi ya kusema. Kama eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu wenu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na Waziri anaamua. Ekari 120 zenu ni kama hekta 49 tu, kwa hiyo, kama ni uhaulishaji, uamuzi uko mikononi mwenu kabisa. Na ardhi haihaulishwi mpaka fidia iwe imekubaliwa: ya aina gani, kiasi gani, italipwaje na lini. Ndiyo maana karatasi ile inatafutwa kwa bidii. Bila muhtasari wa mkutano mkuu, mlolongo wote hausimami.

Tena ulizeni bonde hilo ni la nani leo. Liko kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji? Limetengwa kuwa malisho, kilimo, au akiba ya vijana wa baadaye? Kuna watu wanalima humo msimu wa kiangazi, pengine wanawake wenye vishamba vya mboga ambavyo havionekani kwenye ramani yoyote? Sheria inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu, na halmashauri inapogawa ardhi haitakiwi kumtendea mwanamke tofauti na mwanamume. Wewe ndiye utakayekumbuka kuwataja.

Sisemi mwekezaji ni adui. Ninao mfano karibu yako. Hapo hapo Kilosa, vijiji kama Ulaya Mbuyuni vimetenga misitu ya kijiji na kuvuna mkaa kwa mpango, kitalu kwa kitalu, na ushuru wake ukaingia kwenye huduma za kijiji. Ardhi inaweza kuleta faida kubwa kijiji kikikaa, kikahesabu na kikaandika. Mwekezaji mwenye nia njema ananufaika na mkutano wa kweli kuliko mtu yeyote, kwa sababu hatapanda mazao yake juu ya kesi. Anayekuita mpinga maendeleo mwambie hivyo, kwa sauti ya kawaida.

Fanya hivi sasa. Usigombane na mgambo, yeye alitumwa. Kaandike barua fupi kwa mwenyekiti wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kijiji, mtendaji wa kata na diwani. Sema tu uliyoyaona: tarehe fulani uliletewa karatasi ya mahudhurio ya mkutano mkuu wa tarehe fulani, hukuhudhuria mkutano huo wala hukuuona ukifanyika, hukusaini, na unaomba suala la bonde liwe ajenda ya kikao kijacho cha halmashauri na kisha ya mkutano mkuu uliotangazwa. Usimtuhumu mtu rushwa kwenye barua. Hata kama unaisikia harufu yake, hujaiona, na neno moja la ziada litageuza wewe kuwa mshtakiwa.

Usiende peke yako. Tafuta wajumbe wengine walioletewa karatasi hiyo. Hakika hukuwa wewe tu. Wako watakaokuwa wameshasaini kwa kutojua, nao wasitukanwe. Mtu aliyesaini anaweza kuandika kwamba alisaini bila kuhudhuria, na barua yake itakuwa na nguvu hata kuliko yako. Zungumza na wenyeviti wa vitongoji wanaopakana na bonde. Wazee wanaoijua mipaka waulizwe sasa, wangali hai, na majibu yao yaandikwe na mtu mwenye mwandiko unaosomeka. Ikishindikana ndani ya kijiji, sheria ya ardhi ya vijiji imeweka njia: wanakijiji wasiopungua 100 wanaweza kupeleka malalamiko halmashauri ya wilaya kwamba halmashauri ya kijiji haisimamii ardhi ipasavyo. Majina 100 yenye sahihi za watu halisi, yaliyokusanywa kitongoji kwa kitongoji, si kazi ya jioni moja, kwa hiyo anzeni kuongea mapema.

Kama mgogoro ni wa mtu na mtu juu ya mpaka, hapo pana Baraza la Ardhi la Kijiji, wajumbe saba na kati yao wanawake watatu, waliopendekezwa nanyi na kuthibitishwa na mkutano mkuu. Linasuluhisha, halitoi hukumu. Hili la kwenu si la mpaka wa jirani na jirani, kwa hiyo usikubali kusukumwa huko ili muda upite.

Kikao chenu kijacho fika mapema, kaa karibu na meza ya katibu. Muhtasari uliopita ukisomwa, sikiliza kama bonde limetajwa popote, hata kwa nusu sentensi. Likiwa limetajwa kuwa limeridhiwa, nyoosha mkono kabla mwenyekiti hajauliza kama upo sahihi. Na ile barua iandike nakala ya ziada, igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani, uiweke ndani ya lile daftari lako.